Mbolezi za Umeme: Albamu Nzito za Mwaka 2024



Jioni ya tarehe 26 Julai 2024, waliowasha televisheni kutazama ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini Paris walitarajia maboti mtoni, bendera, na wanariadha wakipunga mikono. Walivipata vyote. Lakini katikati ya shamrashamra hizo kamera ikageukia Conciergerie, gereza la zamani kando ya mto Seine alimofungwa Malkia Marie Antoinette kabla ya kukatwa kichwa mwaka 1793. Madirishani wakatokea wanawake waliovaa nyekundu, kila mmoja kashika kichwa chake mkononi. Nje ya kuta, juu kabisa, bendi ya Kifaransa ya Gojira ikaanza kupiga, huku mwimbaji wa opera Marina Viotti akiimba nao. Moshi, moto na karatasi nyekundu vikamwagika. Kwa dakika chache muziki wa hevi metali ukaingia sebuleni kwa watu ambao katika maisha yao hawajawahi kuutafuta, na barazani hukumu ikatolewa palepale: hawa ni mashetani.

Sikuja hapa kuwatetea Gojira, ambao hata albamu mpya hawakutoa mwaka huu. Nawataja kwa sababu tukio lile lilionyesha waziwazi kitu ambacho sisi mashabiki wa muziki mzito tunakijua na wengine hawakioni. Penye kelele kubwa vile, mara nyingi kuna maiti.

Nilipozipanga albamu nilizozipenda mwaka huu, za metali na za ile roki inayoitwa mbadala, karibu zote nilizikuta zimekaa kwenye jamvi moja la msiba. Yupo aliyefiwa na kaka. Yupo aliyefariki siku chache kabla albamu yake haijaingia sokoni. Ipo familia inayosomewa wosia ikabaki imeduwaa. Ipo haki iliyofanyiwa mazishi. Watu wa pwani yetu wana mbolezi, nyimbo za kumlilia maiti, zilizoimbwa kwa sauti na bila haya, kwa sababu aliyekufa anastahili kusikika akililiwa. Siku hizi mijini kilio kinafupishwa, watu wana haraka ya kurudi kazini, na nyimbo zinazopigwa redioni ni za mapenzi, pesa na majigambo. Dai langu jioni ya leo ni kwamba muziki mzito umechukua kazi ile iliyoachwa. Ni mbolezi zilizochomekwa kwenye umeme, na anayesikia hasira tu ndani yake amesikia nusu.

Naanza na The Cure, Waingereza kutoka mji wa Crawley, kusini mwa London. Albamu yao Songs of a Lost World ilitoka tarehe 1 Novemba, miaka 16 baada ya ile iliyoitangulia. Robert Smith, anayetunga na kuimba, alikuwa na umri wa miaka 65 ilipotoka, na katika ukimya huo mrefu alifiwa na mama, baba na kaka yake Richard. Wimbo I Can Never Say Goodbye ni wa kaka huyo. Piano inapiga noti chache, inazirudia, inazirudia tena, kama mtu anayeulizwa habari za marehemu na hana jibu jipya. Smith hatuhubirii juu ya kifo. Anarudi kwenye usiku mmoja, anausimulia, anaishia hapo.

Wimbo unaofungua albamu, Alone, una karibu dakika saba, na zaidi ya tatu za mwanzo ni ala tupu. Aliyelelewa na taarabu ya Unguja, akazoea kukaa na bashrafu kabla mwimbaji hajafungua kinywa, hatapata taabu yoyote. Atakayepata taabu ni kijana aliyefundishwa na simu yake kwamba wimbo usiomkamata sekunde ya kumi ni wa kurukwa. Albamu nzima ina nyimbo nane tu, na nyingi kati ya hizo zilipigwa jukwaani tangu ziara ya mwaka 2022, zikakomaa mbele ya watu kabla ya kuuzwa. Ilipotoka ilikwenda moja kwa moja namba moja Uingereza, nafasi ambayo The Cure hawakuwa wameishika tangu albamu ya Wish mwaka 1992. Ninachokipenda zaidi ni kwamba haimalizii kwa faraja. Wimbo wa mwisho, Endsong, unapita dakika kumi, na Smith anaondoka bila kutuambia kwamba mambo yatakuwa mazuri. Wanamuziki wengi wa umri wake hutoa albamu ya kuonyesha kuwa bado ni vijana. Yeye ametoa ya kukubali kuwa ni mzee, na sauti yake, ambayo haijachakaa hata kidogo, inaufanya uzee huo uume zaidi.

Toka hapo twende Chicago. Steve Albini alikuwa fundi wa kurekodi ambaye mikono yake imo katika albamu nyingi za roki ambazo watu wazima wa leo walikua nazo: Surfer Rosa ya Pixies mwaka 1988, In Utero ya Nirvana mwaka 1993, Rid of Me ya PJ Harvey mwaka huohuo. Alikataa kulipwa mrabaha kwa kazi za wengine. Alitaka alipwe ujira wake mara moja, kama fundi mwingine yeyote, kisha aondoke. Alifariki kwa mshtuko wa moyo mwezi Mei akiwa na miaka 61. Siku kumi baadaye, tarehe 17 Mei, ikatoka To All Trains, albamu ya bendi yake Shellac, ya kwanza baada ya miaka kumi. Tarehe ilikuwa imeshapangwa. Hakuna aliyejua kwamba itakuwa ya kuaga.

Sikilizeni jinsi ilivyorekodiwa. Gitaa linasikika kama chuma kinachokwaruzwa, besi ya Bob Weston imesimama peke yake upande wake, na dramu za Todd Trainer ziko karibu sana hata unasikia chumba zilimopigwa. Hakuna kilichopakwa sukari. Kisha unafika wimbo wa mwisho, na jina lake linasema kwamba mwimbaji haiogopi jehanamu. Albini aliuandika kwa ule utani wake mkavu, akiwa hai na mzima. Mauti yakaugeuza ukawa kitu kingine, bila hata neno moja kubadilishwa. Sijui albamu nyingine ya mwaka huu iliyobadilishwa kiasi hicho na habari iliyotokea nje yake.

Wapo pia wanaolia kabla ya kufiwa. Knocked Loose ni vijana wa Oldham County, jimbo la Kentucky, na mwimbaji wao Bryan Garris ni mwoga wa ndege. Safari moja akiwa angani hofu imemjaa, mama mmoja aliyeketi karibu akamtuliza kwa kumwambia kwamba hataondoka duniani kabla ya siku yake. Maneno ya mama huyo, ambayo kila mmoja wetu amewahi kuyasikia kwa namna moja au nyingine kutoka kwa wazee, yakawa jina la albamu: You Won't Go Before You're Supposed To. Ilitoka tarehe 10 Mei, nyimbo kumi, na zote pamoja hazifiki nusu saa.

Ni nusu saa ya kukabwa koo. Mashabiki wa muziki huu hukisubiri kipande ambacho mwendo hukatika ghafla, gitaa likashuka chini kabisa, na umati ukaanza kugongana mabega. Katika wimbo Suffocate, walioimba na Poppy, kipande hicho kinafika juu ya mdundo wa dembow, uleule uliotoka dancehall ya Jamaika na kuwa uti wa mgongo wa reggaeton. Wasikilizaji wetu wa Dar na Mombasa watautambua kiunoni kabla hawajautambua masikioni. Wimbo huo uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy, na mwezi Novemba waliupiga kwenye kipindi cha Jimmy Kimmel, mbele ya Wamarekani waliokuwa wakijiandaa kulala.

Sasa najua kuna msikilizaji anayeuliza: hiyo sauti ya kunguruma, ndiyo kuimba? Ni kuimba, tena kwa mafunzo. Anayenguruma vizuri hapigi kelele kwa nyuzi zake za sauti, maana zingekatika wiki ya kwanza ya ziara. Anatumia vikunjo vilivyo juu ya nyuzi hizo, na pumzi inayotoka chini ya kifua, na ukimsikia mzoefu utayatambua hata maneno.

Mzoefu mmoja wa aina hiyo ni Mikael Åkerfeldt wa Opeth, bendi ya Sweden. Baada ya Watershed ya mwaka 2008 aliiacha sauti hiyo kwenye albamu zake, akawa anaimba kwa sauti laini tu, na mashabiki wake wakanung'unika muda wote huo. Tarehe 22 Novemba ameirudisha, na ameirudisha kwa sababu hadithi yake ilihitaji mtu wa kuizungumza. The Last Will and Testament ni wosia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, tajiri mmoja amekufa, watoto wake watatu wamekusanyika kusomewa alichoandika, na maiti ndiye anayenguruma. Nyimbo saba za kwanza hazina hata majina; zina alama za aya kama waraka wa mwanasheria. Ian Anderson wa Jethro Tull amekuja na filimbi yake na kusoma baadhi ya vifungu.

Sisi hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Nani hajawahi kusikia kikao cha mirathi ambacho watu waliingia ndugu wakatoka maadui? Siri ya nani ni mtoto wa nani inafunuliwa aya kwa aya, aliyedhani atarithi anakosa, na wimbo wa mwisho, wenye jina na sauti tulivu, unaipindua hadithi yote kwa barua moja. Siitoboi, mtu aisikilize mwenyewe. Naomba tu asikilize kwa mpangilio, kwa sababu wosia unaosomwa kuanzia katikati huleta kesi.

Nipite haraka kwa wazee wa Birmingham. Judas Priest walianza mwaka 1969, na Invincible Shield, iliyotoka mwezi Machi, ni albamu yao ya 19. Rob Halford alikuwa na miaka 72 ilipotoka, na bado anapanda noti za juu ambazo vijana wanaziogopa. Mpiga gitaa wao Glenn Tipton ana ugonjwa wa Parkinson, alioutangaza mwaka 2018, unaomnyima mikono yake kidogo kidogo. Amesalia kwenye albamu, katika utunzi na katika baadhi ya gitaa. Ukijua hilo, jina la albamu, la ngao isiyoshindwa, halisikiki tena kama majigambo.

Hadi hapa nimezungumzia misiba ya nyumbani. Kuna pia misiba ya umma, na hapo Afrika imesema kwa sauti kubwa mwaka huu.

Mdou Moctar ni Mtwareki wa Niger. Gitaa lake la kwanza alijitengenezea mwenyewe, nyuzi zikiwa waya za breki za baiskeli, na nyimbo zake za mwanzo zilisambaa Sahel kutoka simu hadi simu kwa kadi za kumbukumbu. Jeshi lilipopindua serikali Niger mwezi Julai 2023, yeye na bendi yake walikuwa ziarani Marekani. Wakashindwa kurudi kwao, mashabiki wakachanga ili waweze kuishi. Albamu yao ya Mei mwaka huu inaitwa Funeral for Justice, yaani haki imekufa na sisi tumeitwa mazishini. Wimbo uliobeba jina hilo unawageukia viongozi wa Afrika na kuwadai majibu, na mwingine unaigeukia Ufaransa. Zote zinaimbwa kwa Kitamasheki, na ambaye halijui hata neno moja ataelewa kwa gitaa. Moctar anapiga kwa mkono wa kushoto, solo zake zinakimbia kama anafukuzwa, na mpenzi wa dansi aliyezoea kusubiri sebene atashangaa: kwa Moctar sebene linaanza na wimbo na linamalizika na wimbo.

Nairobi nako kuna Lord Spikeheart, jina la jukwaani la Martin Khanja. Wengi walimfahamu kupitia Duma, kundi lake na Sam Karugu, ambao albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala na kuzungumzwa hadi Ulaya. Mwezi Aprili mwaka huu ametoa The Adept, albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, chini ya lebo yake mwenyewe ya Haekalu. Ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, nyanya wa mzazi wake, mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal katika vita vya Mau Mau. Muthoni ndiye yule aliyezifuga rasta zake tangu msituni hadi Aprili 2022, zilipokatwa na Mama Ngina Kenyatta. Alifariki Septemba 2023.

Mashujaa wetu tumezoea kuwaenzi kwa gwaride, shada la maua na hotuba ndefu juani. Spikeheart amechagua njia nyingine. Dramu zake ni za mashine, zinakwenda kasi ambayo mkono wa binadamu hauwezi. Juu ya dramu hizo anapiga ukelele, ananong'ona, ananguruma, wakati mwingine yote ndani ya dakika moja. Haistareheshi, wala hakukusudia kustarehesha. Mtu aliyeishi msituni kwa miaka akiwindwa hakuishi ndani ya kwaya, na nadhani albamu hii inamkaribia kuliko sanamu yoyote ya shaba. Kwangu hii ndiyo kazi nzito zaidi iliyotoka Afrika Mashariki mwaka huu, na inasikitisha kwamba wengi waliompigia makofi walikuwa Berlin na London kabla ya River Road ya Nairobi.

Wengine wawili kwa ufupi. Arka'n Asrafokor wa Lomé, Togo, wametoa Dzikkuh, wakichanganya gitaa zito na ngoma za kwao, na kuimba Kiewe, Kifaransa na Kiingereza. Ngoma hizo ndizo zinazobeba wimbo, hazikuwekwa kwa pambo. Chat Pile wa Oklahoma City wametoa Cool World mwezi Oktoba. Jina la bendi yao linatokana na vilima vya taka za migodi ya risasi na zinki vilivyoachwa katika jimbo lao, sumu iliyowafanya watu wauhame mji wa Picher. Muziki wao una rangi hiyohiyo: wa kijivu, mzito, unaopumuliwa kwa shida.

Sasa nifike mahali ambapo dai langu linagonga ukuta. Albamu bora ya metali mwaka huu, metali tupu, hailii mtu yeyote. Blood Incantation ni vijana wanne wa Denver, na aina ya muziki wao inaitwa, kwa kejeli ya ajabu, metali ya kifo. Absolute Elsewhere, iliyotoka tarehe 4 Oktoba, ina tungo mbili tu, kila moja imegawanywa vipande vitatu, zote pamoja zikizidi dakika arobaini. Waliirekodi studio za Hansa, Berlin, mahali ambapo David Bowie alirekodi "Heroes" mwaka 1977, Ukuta wa Berlin ukiwa karibu na dirisha. Wamemwalika Thorsten Quaeschning wa Tangerine Dream na vinanda vyake vya umeme. Gitaa linaponda, linaponda, kisha ghafla paa linafunguka na unasikia sauti pana, tulivu, kama za roki ya miaka ya 1970, halafu paa linafungwa tena kwa kishindo. Wanaimba juu ya anga za mbali na asili ya binadamu. Furaha yao ni ya mafundi wanaojua kwamba siku hiyo mikono yao inaweza chochote. Nimejaribu kuipa msiba, ikakataa. Basi naiacha ibaki hivyo, kwa sababu muziki wote ukilia, mtu hasikii tena kilio ni kipi.

Na wapo waliokuwa na msiba mkononi wakaukwepa. Linkin Park walimpoteza Chester Bennington mwaka 2017, na kwa vijana wengi wa huku kwetu sauti yake ndiyo iliyowafungulia mlango wa roki. Mwaka huu wamerudi na mwimbaji mpya, Emily Armstrong, na mwezi Novemba wakatoa albamu From Zero. Armstrong ana koo la kweli, nyimbo ni safi, na watu wamejaa viwanjani. Lakini nilipomaliza kuisikiliza nilikuwa na hisia za mtu aliyefika matangani akakuta wenyeji wanapanga viti vya harusi. Wana haki ya kuendelea na maisha, na hakuna anayepaswa kuwanyima. Kwenye orodha yangu, hata hivyo, hawamo.

Orodha yenyewe, kwa mpangilio, ni hii. Ya kwanza The Cure. Ya pili Blood Incantation. Ya tatu Lord Spikeheart. Ya nne Shellac. Ya tano Opeth. Ya sita Mdou Moctar. Ya saba Knocked Loose. Ya nane Judas Priest. Ya tisa Chat Pile. Na ya kumi Arka'n Asrafokor.

Asiyewahi kuugusa muziki huu asianze na Knocked Loose, atazima redio. Aanze na The Cure usiku, kazi zimeisha, kisha Mdou Moctar asubuhi yake. Akivuka hapo salama, amfuate Spikeheart, na Opeth awawekee siku ambayo hana wageni. Mwenye kubisha na abishe. Ninachomwomba ni kimoja: abishe akiwa ameisikiliza albamu mwanzo hadi mwisho. Mbolezi haikatwi katikati.